Sura ya 6: Simu Ina Mtandao, Mbona Chai ya Sotik Bado Inapita Mombasa?

Kila Oktoba, bonasi ya chai inapotangazwa, swali moja huulizwa upya kwenye vituo vya kupimia majani kuanzia Sotik hadi Litein, na kuanzia Bomet hadi Mogogosiek. Ikiwa kijana wa hapa anaweza kuzungumza kwa video na shangazi yake aliyeko Minneapolis, wakaonana na kucheka, anashindwaje kumuuzia chai jirani ya huyo shangazi? Kwa nini majani yachumwe hapa, yasindikwe hapa, kisha bei ikapangwe Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kutoka shambani?

Swali hili lina hasira ndani yake, na hasira hiyo ina msingi. Mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipwa bonasi ndogo kuliko mwenzake wa Kirinyaga au Murang'a, na kila mwaka huelezwa yaleyale: ubora, soko, bei ya mnada. Sasa amesikia kwamba kuna watu Ulaya wanaonunua gramu 50 za chai kwa pesa ambayo yeye haipati kwa kilo nyingi za majani mabichi. Anataka kujua nani anakula hiyo tofauti, na kama intaneti inaweza kumfikisha kwa mlaji mwenyewe.

Jibu fupi ni kwamba inaweza, ila si kwa chai ileile, na si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Jibu refu ndilo sura hii.

Chai inavyosafiri sasa

Karibu chai yote inayotoka Sotik ni ya CTC, yaani chai ambayo mashine zenye meno zimeikata, zikairarua na kuiviringa ikawa punje ndogo nyeusi. Ndiyo tunayochemshia maziwa. Kilo 4.5 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Inatoka katika viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, na katika mashamba makubwa yenye viwanda vyao, kama Arroket na Monieri hapa Sotik.

Mwaka 2024 Kenya ilitoa karibu kilo milioni 600 za chai, na sehemu kubwa ilipakiwa kwenye magunia ya karatasi ikapelekwa nje. Mapato ya mauzo ya nje yalipita shilingi bilioni 180. Ukigawanya, unapata takriban shilingi 300 kwa kilo. Wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri na Uingereza, na huko chai hii huchanganywa na ya nchi nyingine ili kinywaji kipate rangi na nguvu. Mwingereza anayesifu kikombe chake cha asubuhi huenda anakunywa majani ya Bomet bila kujua kwamba Bomet ipo duniani.

Katikati ya safari hiyo kuna mnada. Ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na unaendeshwa na chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki, EATTA. Madalali, yaani kampuni zinazouza kwa niaba ya viwanda na kulipwa asilimia ya mauzo, huandaa orodha ya chai na kutuma sampuli. Waonjaji wa kampuni zinazonunua huivuta chai kwa kijiko, huizungusha mdomoni na kuitema, kisha huamua watatoa dola ngapi. Ndiyo, dola, maana mnada huu umekuwa ukiuza kwa dola tangu miaka ya 1990.

Hapa kuna jambo ambalo wanaouliza swali letu husahau. Intaneti tayari imeingia humu ndani. Miaka mingi wanunuzi walikaa ukumbini na kunadi kwa sauti. Mwaka 2020, Korona ilipozuia mikusanyiko, mnada ukahamishiwa kwenye kompyuta, na mnunuzi akaweza kununua akiwa nyumbani kwake. Kazi ikawa nyepesi, kumbukumbu zikawa safi, karatasi zikapungua. Lakini chai iliyouzwa ilikuwa ileile, kwa wanunuzi walewale, na jina la Sotik halikuongezwa kwenye pakiti hata moja.

Mimi naliona hilo kuwa funzo la kwanza la biashara ya mtandaoni, na nashangaa kwamba semina nyingi za vijana haziligusi. Mtandao ukiingia katika mfumo wa biashara, kwanza huupa mfumo huo kasi. Mwenye tani elfu anafaidika na kasi hiyo kabla ya mwenye kilo kumi.

Kwa ufupi: chai ya kawaida ya Sotik haikosi mtandao. Inachokosa ni jina. Anayetaka kumuuzia mlaji wa mbali moja kwa moja lazima kwanza awe na chai ambayo haiwezi kumwagwa kwenye rundo la wengine ikapotea.

Chai isiyopotea kwenye rundo

Chai ya namna hiyo ipo. Ya kwanza ni ile ambayo wafanyabiashara huiita orthodox: jani halikatwi na meno ya mashine, bali hunyaushwa, huviringwa taratibu na kukaushwa likiwa bado zima au karibu zima. Inaweza kuviringwa kwa mashine ndogo au kwa mkono, na ladha yake hubadilika kulingana na shamba, msimu na fundi. Mnywaji wa chai hii haweki maziwa, na anataka kujua ilichumwa wapi na lini.

Ya pili ni chai ya zambarau. Aina ya mche iitwayo TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho, katika kituo kilichofanya kazi ya chai tangu 1951. Majani yake yana rangi ya zambarau kutokana na kemikali za asili zilezile zinazoipa zabibu nyeusi rangi yake. Kampuni ya JusTea ya Vancouver, Kanada, imeuza chai ya zambarau ya Kenya kwa njia ya mtandao kwa miaka mingi, kwa hiyo soko si la kufikirika.

Hata hivyo, waulize waliopanda mapema. Wengi waliahidiwa bei ya juu sana, wakang'oa au wakatenga sehemu ya shamba, na majani yalipokomaa wakayauza kwa bei ya majani ya kijani, kwa sababu kiwanda cha karibu hakikuwa na njia ya kuyasindika peke yake wala mnunuzi wa kuyangoja. Mche ulikuwa mzuri. Ila ulifika kabla ya mteja.

Kwa sehemu iliyobaki ya sura hii tuchukue kikundi cha mfano. Ni watu wanane wa Sotik, wengi wao akina mama, wenye banda safi, meza za kunyaushia, mashine ndogo ya kuviringa na kikaushio cha umeme. Wakijitahidi wanatoa kilo sita za chai ya majani mazima kwa siku. Wamesajili kampuni, wana leseni ya Bodi ya Chai, na wana simu tatu za maana. Wanataka kuuza Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani ambao kwa muda mrefu umekuwa kituo kikubwa cha biashara ya chai Ulaya.

Kilichoshuka bei ni kuuliza

Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya wenye ofisi. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilifika Mombasa, na baadaye mkongo wa taifa ukasambazwa hadi miji ya kaunti. Kikundi chetu kingeishi miaka ya 1990, kumjua mnunuzi mmoja tu wa Hamburg kungehitaji nauli ya ndege au mtu wa Nairobi anayemjua mtu. Leo kunahitaji bando.

Ukinitaka niseme kitu kimoja ambacho intaneti imempa mfanyabiashara mdogo, nitasema imempa uwezo wa kuuliza bila gharama. Watu wengi wanatazama upande wa kujitangaza: ukurasa wa Facebook, picha za Instagram, tovuti yenye machweo ya Kericho. Hayo yana nafasi yake. Lakini faida kubwa ya usiku wa kwanza ni kujifunza sheria za nchi ya mnunuzi kabla hujatumia shilingi yoyote. Sehemu za kuanzia ni hizi:

- Market Access Map, ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva. Unaandika bidhaa na nchi, inakuonyesha ushuru. Ni bure.
- Access2Markets, ya Umoja wa Ulaya, inayoeleza pia masharti ya usalama wa chakula.
- TradeNet, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya unaosimamiwa na KenTrade, ambako vibali vya kusafirisha bidhaa huombwa na kutolewa.
- KEPROBA, wakala wa serikali wa kukuza mauzo ya nje, ambao hutangaza maonyesho na mafunzo.

Kikundi chetu kikitafuta huko kitagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amekitajia. Ulaya ina kikomo cha kemikali iitwayo anthrakwinoni katika chai: miligramu 0.02 kwa kilo, kiasi ambacho ukikizidisha ni gramu 20 katika tani 1,000. Kemikali hii inaweza kuingia kwenye majani kutoka kwa moshi wa kuni. Mtu aliyekausha chai yake juu ya jiko la kuni lenye bomba bovu, hata kama shamba lake halijawahi kunusa dawa, anaweza kukataliwa bandarini. Kikundi chetu kimeponea kwenye kikaushio cha umeme. Ingekuwa vinginevyo, usiku mmoja wa kusoma ungekiokolea hasara ya mwaka.

Chema hakijiuzi

Tunaambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa na watu wa soko la uso kwa uso, ambako mteja huliinua embe, hulinusa, hulibonyeza. Mtandao hubeba picha na maneno, haubebi harufu wala ladha. Kwa mnunuzi wa Hamburg, chai bora kabisa ya Sotik na vumbi la ghalani vinaonekana sawa kwenye simu, na mwenye vumbi huenda ana picha nzuri zaidi.

Kwa hiyo chema nacho kinalazimika kujitembeza, na chombo chake ni sampuli. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Wanaandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa kampuni mia mbili: "Ndugu Mpendwa, sisi ni wauzaji wakubwa wa chai bora kabisa kutoka Kenya, tunaweza kutoa kiasi chochote, tafadhali tuma oda." Mnunuzi anayepata jumbe kama hizo kila asubuhi anajua mambo mawili: aliyeandika hajui anamwandikia nani, na hakuna mkulima duniani anayeweza kutoa kiasi chochote.

Linganisha na huu, ambao kikundi chetu kingeweza kuuandika, kwa Kiingereza au Kijerumani, kwa maduka ishirini tu yaliyochaguliwa baada ya kusoma tovuti zao:

"Tumeona mnauza chai tatu za Nepal na moja ya Malawi, lakini hamna ya Kenya yenye jani zima. Sisi ni watu wanane Sotik, Kaunti ya Bomet. Tunatengeneza kilo sita kwa siku. Chai hii ilichumwa tarehe 14 mwezi uliopita, majani mawili na chipukizi, ikaviringwa siku iliyofuata. Tunaweza kuwatumia gramu 50 za aina mbili na ripoti ya maabara. Bei yetu kwa kilo 20 iko chini ya ujumbe huu."

Kila sentensi hapo inaweza kuhakikishwa. Inataja kiasi kidogo bila aibu, kwa sababu udogo ndio bidhaa yenyewe. Tena imetoka kwenye anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni. Jina la tovuti linaloishia na .co.ke ni la bei ya chini kwa mwaka, na ni ajabu kuona kampuni yenye mashine ya mamia ya maelfu ikiandikia Ulaya kwa anwani ya bure iliyofunguliwa na mpwa wa mwenyekiti.

Wapo watakaosema wateja wa kwanza wa kweli ni ndugu zetu walioko ughaibuni: Minnesota, Texas, Doha, Muscat. Ni kweli kwamba binamu aliyeko Minneapolis ni mteja mzuri wa kwanza. Atanunua, atapiga picha, atakueleza pakiti ilifikaje. Lakini kwa kawaida anatafuta ladha ya nyumbani, yaani CTC nzito ya kuchemshia maziwa, na ataishangaa bei ya chai ya majani mazima. Mtumieni kujifunza njia ya usafiri, msijenge biashara juu ya huruma yake.

Kilo tatu na karatasi zake

Bidhaa ikivuka mpaka hupewa msimbo wa forodha, yaani namba ambayo nchi karibu zote hutumia kutambua kitu hicho ni nini na kitatozwa ushuru gani. Msimbo wa chai huanza na 0902. Baada ya hapo dunia huigawa chai kwa mstari mmoja wa kushangaza: kilo tatu. Chai nyeusi iliyo katika pakiti isiyozidi kilo tatu ni 0902.30, na iliyo katika mfuko mkubwa zaidi ni 0902.40. Chai ya kijani nayo ina 0902.10 na 0902.20.

Mstari huo unatenganisha malighafi na bidhaa ya dukani, na kuna nchi zinazotoza pakiti ndogo zaidi ya magunia, ili kazi ya kufungasha ibaki kwao. Chai nyeusi haina ushuru wa forodha kuingia Umoja wa Ulaya, iwe gunia au pakiti. Ile ya kijani katika pakiti ndogo ina ushuru wa kawaida wa asilimia 3.2, ambao bidhaa za Kenya zinaweza kuukwepa kihalali kupitia mkataba wa biashara ulioanza kutumika Julai 2024, mradi kuna uthibitisho kwamba chai imetoka Kenya.

Ushuru wa forodha sio kodi pekee. Tangu Julai 2021, Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa pakiti ndogo kabisa inayotoka nje. Marekani nayo ilikuwa ikiruhusu vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru, na wauzaji wadogo wa dunia nzima walijenga biashara juu ya ruhusa hiyo. Mwezi Agosti 2025 ikafutwa. Kadhalika, anayetuma chakula Marekani kibiashara lazima asajili mahali kinapotengenezwa kwa mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, awe na wakala aliyeko Marekani, na atoe taarifa kabla mzigo haujafika. Usajili wenyewe ni bure, na huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Akitokea mtu mtandaoni anadai ada ya serikali kwa usajili huo, mfunge.

Mzigo wa Hamburg, kwa ufupi, unahitaji ankara, orodha ya vilivyopakiwa, kibali kilichopita TradeNet, cheti cha KEPHIS cha afya ya mimea pale nchi inayopokea inapokitaka, uthibitisho wa asili, na ripoti ya maabara ambayo mnunuzi ataiomba hata sheria isipoitaja. Safari ya kwanza itachosha. Ya pili itakuwa ni kunakili.

Kulipia hewa

Hapa ndipo hesabu nyingi hufia. Kampuni za vifurushi vya ndege hazilipishi uzito wa mizani peke yake. Hupima sanduku urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, hugawanya kwa 5,000, na kupata kile tutakachokiita uzito wa nafasi. Kisha hutoza uzito ulio mkubwa kati ya hizo mbili.

Chukua sanduku la sentimita 40 kila upande. Zidisha 40 kwa 40 kwa 40 upate 64,000, gawanya kwa 5,000, unapata kilo 12.8. Sasa jaza chai ya majani mazima, ambayo ni nyepesi na hukaa kwa kuachana. Tuseme imeingia kilo sita. Utalipia 12.8. Zaidi ya nusu ya nauli yako imesafirisha hewa ya Sotik.

Huwezi kuishindilia kwa nguvu kwa sababu jani likivunjika umeuza kitu kingine. Zipo njia tatu za nafuu. Wakala wa mizigo ya ndege wa Nairobi kwa kawaida hugawanya kwa 6,000, na sanduku lilelile hushuka hadi kilo 10.7. Unaweza kutengeneza aina iliyoviringwa kuwa vidonge vidogo mviringo, ambayo hukaa nyingi katika nafasi ndogo. Au unaweza kuungana na wasafirishaji wengine wanaopeleka upande uleule. Kwa vifurushi vya zawadi na sampuli, huduma ya haraka ya Posta bado inafaa kuulizwa bei, ingawa vijana huicheka.

Ndiyo maana bei usiipange ukitazama bei ya rejareja ya Hamburg na kutabasamu. Anza shambani: majani, mikono, umeme, pakiti, maabara, leseni, gari la kwenda Nairobi, ndege. Mnunuzi atauliza bei ni ya wapi. "FOB" kwa mzigo wa meli maana yake wewe unagharimia mpaka umepakiwa melini Mombasa, na baada ya hapo ni mzigo wake. Bei ya kufikisha mlangoni kwake ni jambo lingine kabisa, na anayetaja moja akidhani ni nyingine hula hasara kwa furaha.

Pesa ikitoka mbali

M-Pesa ilipozinduliwa 2007 ilitufundisha kwamba pesa husafiri kwa sekunde. Biashara ya nje haiko hivyo. Kwa maagizo madogo, PayPal inatumika, na tangu 2018 salio lake linaweza kutolewa kupitia M-Pesa. Makato yake yanauma, na mteja akilalamika pesa inaweza kurudishwa kwake hata baada ya chai kunywewa. Kwa maagizo makubwa zaidi, benki kwa benki ndiyo njia, nusu kabla ya kutengeneza na nusu kabla ya kutuma. Barua ya dhamana, ambamo benki ya mnunuzi huahidi kulipa mara karatasi zikikamilika, ni salama lakini gharama zake hazifai kwa kilo ishirini.

Matapeli wa biashara hii wana mbinu chache, na zinarudiwa mno. Mnunuzi hewa huagiza kontena zima bila kuomba sampuli, kisha anataka "ada ndogo ya usajili" kwao. Mwingine mjanja zaidi huvunja barua pepe ya upande mmoja, hungoja ankara itumwe, kisha huandika kwa sauti ya muuzaji: "Tumebadilisha benki, tafadhali lipa huku." Mteja analipa, pesa inapotea, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wekeni kanuni tangu siku ya kwanza, iandikwe chini ya kila ankara: namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe, ikibadilika tutazungumza kwa simu na kuonana uso.

Hamburg ikisema ndiyo

Tuseme yote yamekwenda vizuri. Maduka ishirini yaliandikiwa, sita yakajibu, mawili yakachukua kilo tano tano. Miezi minne baadaye linakuja duka la tatu: limeonja, limependa, linataka kilo 300.

Hii ndiyo siku ambayo mafunzo ya biashara mtandaoni hayaielezi, na kampuni nyingi ndogo huanguka siku hiyo zikishangilia. Kilo 300 ni zaidi ya kilo 1,350 za majani mabichi yaliyochumwa kwa uangalifu. Kwa kilo sita kwa siku ni siku 50 za kazi bila mvua ya mawe, na Kericho na Bomet hazijulikani kwa kukosa mvua ya mawe. Majani yenyewe yatatoka wapi? Majirani wengi ni wanachama wa viwanda vya KTDA na wanapaswa kupeleka majani yao huko. Ukianza kuyanunua kando ya barabara, umeingia katika ile biashara inayoitwa soko huru, yenye ugomvi wake na kiwanda. Pia umepoteza kile ulichomwahidi mnunuzi, kwamba unajua kila kichaka kilikotoka.

Njia ya mkato ni kununua chai iliyotengenezwa tayari mahali pengine na kuipakia kwa jina lenu. Mwonjaji wa Hamburg ataijua kwa kijiko cha kwanza. Njia ya pili ni kukodi siku kadhaa kwenye kiwanda chenye mtambo wa orthodox, maana vipo vilivyoweka mitambo hiyo miaka ya karibuni, na hili linafaa ikiwa majani ni yenu na mmoja wenu anasimama pale usiku kucha. Njia ya tatu ndiyo ningeishauri. Ni kumwandikia mnunuzi siku hiyohiyo, kabla furaha haijawapa ahadi:

"Tunaweza kilo 30 kila mwezi kwa miezi kumi. Januari na Februari kukiwa na ukame au baridi kali huenda tukapunguza, na tutawaarifu mwezi mmoja mapema. Kila kundi litakuwa na tarehe yake ya kuchumwa na ripoti yake. Nusu ya malipo ya kila mwezi kabla hatujaanza."

Duka linalouza chai kwa gramu linaweza kuona kwamba mzigo mpya kila mwezi unalifaa kuliko magunia yanayozeeka ghalani. Likikataa, kwenye ile orodha ya maduka ishirini bado kuna kumi na manne ambayo hayajajibu, na msimu unaofuata utakuwa na sampuli zake.